Naibu, kaimu na akidi: istilahi za seva zinazopokezana kazi

Mfasiri anayepewa mwongozo wa kusimika programu ya biashara kwenye seva hukutana mapema na dhana moja inayomsumbua: seva mbili au zaidi zinazounganishwa ili moja ikishindwa kufanya kazi, nyingine iipokee bila mtumiaji kulazimika kufanya lolote. Wataalamu wa TEHAMA wanapozungumza husema klasta na felova, na mambo yao huenda. Mfasiri anayeandika kwa ajili ya wasomaji wengine hana njia hiyo rahisi. Akitafsiri neno kwa neno atapata kitu kama "nguzo ya kushindwa", ambacho hakimwambii msomaji chochote, au kinamwambia kinyume cha kilichokusudiwa, kwa kuwa shabaha ya mpango wote ni huduma isishindwe.

Makala haya yanaonesha kuwa Kiswahili tayari kina maneno ya kueleza dhana hii, na kwamba maneno hayo yamo katika msamiati wa ofisi na vikao: naibu, kaimu, akidi, shahidi, kukabidhi. Hata hivyo, maneno hayo yatatusaidia tu iwapo mfasiri anajua kila kifaa kinafanya nini. Kwa hiyo tutaeleza kwanza utendaji, kisha istilahi, na mwishoni tutatoa vidahizo kwa ufupi.

Mfano wetu tumeuweka Kalemela, kata iliyomo Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, katika ukanda wa pamba. Tuchukulie kwamba karani wa chama cha msingi cha ushirika anapima pamba ya wakulima na kuingiza uzito wake katika programu ya hesabu, na kwamba seva za programu hiyo ziko Bariadi, makao makuu ya mkoa. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Katika wiki hizo mkulima aliyefika na mzigo wake mizanini hana muda wa kusubiri mafundi wagundue kilichoharibika, na rekodi ya kilo zake ikipotea au ikiandikwa mara mbili, ugomvi utakaozuka hautakuwa wa istilahi.

Mtandao, mfumo na seva

Katika dirisha la huduma, Tanzania nzima, jibu ni moja: "Mtandao unasumbua." Jibu hilo hutolewa iwe ni kupata namba ya malipo ya serikali, ambayo wengi huiita kontrolo namba, kuandikishwa hospitalini au kutoa fedha kwa wakala. Mara nyingine husemwa "mfumo upo chini" au "mfumo umegoma". Kwa mteja aliye kwenye foleni kauli hizi zina maana moja, yaani arudi baadaye. Kwa fundi anayepigiwa simu zina maana tatu tofauti.

Mtandao ni njia: nyaya, minara na vifaa vinavyopitisha data kati ya Kalemela na Bariadi. Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Mfumo ni programu pamoja na data zake na taratibu za kuitumia. Seva inaweza kuwa nzima huku mtandao umekatika. Mtandao unaweza kuwa mzima huku seva imezimika. Vilevile vyote viwili vinaweza kuwa vizima, lakini programu imekwama kwa sababu hifadhidata imejaa. Karani akisema "mtandao haupo" wakati kilichokwama ni programu, fundi atakwenda kukagua mnara, na saa mbili zitapotea.

Tofauti hii ina uzito katika mada yetu kwa sababu kundi la seva hutibu ugonjwa mmoja tu kati ya hiyo mitatu. Linakinga dhidi ya kuharibika kwa seva au kwa programu iliyo juu yake. Njia ikikatika, hata seva kumi za Bariadi hazitamfikia karani wa Kalemela. Mwongozo unaoahidi kwamba "mfumo hautakatika kamwe" umetafsiriwa vibaya, au uliandikwa vibaya tangu mwanzo.

Jina ni la kiti, si la mtu

Barua rasmi katika halmashauri huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, na haimtaji mtu kwa jina. Mkurugenzi akisafiri, naibu au ofisa mwingine aliyeteuliwa hukaimu, na barua zinaendelea kufika palepale. Mwananchi aliyeiandika halazimiki kujua ni nani aliyeketi kitini siku hiyo. Kundi la seva hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Kila seva ndani ya kundi huitwa nodi, na kila nodi ina anwani yake ya mtandao. Juu ya hizo kuna anwani ya kundi, ambayo haimilikiwi na nodi yoyote. Kompyuta ya karani wa Kalemela inaijua anwani ya kundi peke yake. Kwa wakati mmoja nodi moja ndiyo inayoishika anwani hiyo na kuendesha programu: hiyo ni seva kuu. Nyingine iko tayari, imewashwa, ina programu ileile na data zilezile, lakini haipokei maombi: hiyo ni seva naibu. Seva kuu ikiharibika, naibu huichukua anwani ya kundi, huanzisha programu, na kuanzia hapo ni seva kaimu. Maombi ya karani yanaendelea kwenda kwenye anwani ileile. Atakachokiona ni kusita kwa sekunde kadhaa, au pengine kuombwa aingie upya.

Tunapendekeza basi kitenzi kukaimu na nomino ukaimu kwa tendo ambalo wataalamu huliita felova. Sababu ni tatu. Kwanza, kaimu ana mamlaka kamili ya kiti, tofauti na anayesaini barua "kwa niaba ya". Pili, ukaimu ni wa muda: mwenye kiti anaweza kurudi. Tatu, neno hili linatenganisha hali mbili ambazo wafasiri wengi huzichanganya, yaani seva iliyo tayari kupokea kazi na seva iliyokwisha kuipokea. Ya kwanza ni naibu. Ya pili ni kaimu. Seva ileile hubadilika jina kulingana na hali yake, kama afanyavyo ofisa.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, naibu na kaimu zikisimama peke yake ni nomino za ngeli ya a-/wa-. Katika miundo seva naibu na seva kaimu, neno kuu ni seva, la ngeli ya i-/zi-, na ndilo linalotawala upatanisho: "Seva naibu imekaimu", si "amekaimu", "Seva naibu zimekaimu", si "seva manaibu wamekaimu". Mfasiri asiliache neno seva kwa kutaka ufupi. "Naibu amekaimu" itamfanya msomaji amfikirie binadamu.

Zipo nyaraka za zamani zinazoita seva hizi kwa maneno yenye maana ya bwana na mtumwa. Katika Kiswahili, ambacho wasemaji wake wa pwani wanajua kuwa soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, maneno hayo hayawezi kuwa ya kiufundi tu. Nyaraka nyingi za siku hizi zimeyaacha. Zile za PostgreSQL, kwa mfano, husema seva kuu na seva ya akiba. Mfasiri hana sababu ya kuyafufua.

Upatikanaji hupimwa

Wazo la kompyuta zinazolindana si geni. Kampuni ya Tandem ya Marekani ilianza kuuza mashine za aina hiyo mwaka 1976, zikilenga zaidi mabenki. Digital ilitangaza VAXcluster mwaka 1983. Microsoft iliingiza kundi la nodi mbili katika Windows NT mwaka 1997. Kilichobadilika tangu hapo ni bei: leo mtu anaweza kuunda kundi kwa programu huria za Linux, Pacemaker na Corosync, juu ya mashine mbili za kawaida.

Kipimo cha mafanikio ni upatikanaji, yaani sehemu ya muda ambayo huduma inapatikana ikilinganishwa na muda wote. Hutajwa kwa asilimia, na mfasiri anapaswa kujua asilimia hizo zina maana gani kwa mwaka mzima. Upatikanaji wa asilimia 99 unasikika kama alama nzuri ya mtihani, lakini unaruhusu huduma ikosekane kwa takriban saa 88 kwa mwaka, zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 inaruhusu chini kidogo ya saa 9. Asilimia 99.99 inaruhusu dakika 53 hivi, na asilimia 99.999 inaruhusu dakika 5 na sekunde chache. Mfasiri akiiacha tarakimu moja baada ya nukta, atakuwa amebadilisha mkataba.

Istilahi upatikanaji wa kiwango cha juu inatosha, na haipaswi kugeuzwa kuwa "upatikanaji wa daima". Kundi la seva lina kusita kwake, kwa sababu seva naibu inahitaji muda wa kutambua kwamba seva kuu imeondoka na kuanzisha programu. Mfumo usiosita hata sekunde moja ni kitu kingine, tena ghali zaidi. Huo unaweza kuitwa mfumo stahimilivu wa hitilafu.

Pia upatikanaji usichanganywe na nakala rudufu, ambayo baadhi huiita chelezo, neno la mabaharia linalotokana na kitenzi elea. Nakala rudufu ni picha ya data za jana au za wiki iliyopita, iliyowekwa kando. Karani akifuta kwa bahati mbaya orodha ya wakulima, kundi la seva litalitekeleza kosa hilo kwa uaminifu kwenye nodi zote mbili. Nakala rudufu ndiyo itakayomwokoa. Vyote viwili vinahitajika, na hakuna kinachochukua nafasi ya mwenzake.

Akidi na shahidi

Seva naibu inajuaje kwamba seva kuu imeharibika? Nodi hutumiana mapigo, yaani ujumbe mfupi unaorudiwa kwa vipindi, kwa mfano kila sekunde moja. Mapigo yakikosekana mara kadhaa mfululizo, tuseme mara kumi, naibu huhesabu kwamba mwenzake ametoweka. Hapa ndipo penye hatari. Kimya hakithibitishi kifo. Huenda seva kuu ni nzima na inaendelea kupokea uzito wa pamba kutoka Kalemela, ila waya unaounganisha nodi hizo mbili ndio uliochomoka. Naibu akikaimu katika hali hiyo, kutakuwa na wakuu wawili, kila mmoja akiandika kwenye hifadhidata akiamini yu peke yake.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika hifadhidata wakikaa huharibu zizi lenyewe. Stakabadhi namba 1,207 itatolewa mara mbili kwa wakulima wawili, malipo ya mmoja yatafuta ya mwingine, na hakuna programu itakayoweza kusema baadaye ni rekodi ipi ya kweli. Wataalamu huita hali hii kwa msemo wenye maana ya ubongo uliogawanyika. Sisi tunapendekeza wakuu wawili, kwa sababu jina hilo linaeleza chanzo cha madhara. Msemo wa ubongo unahitaji maelezo zaidi.

Kinga ya kwanza ni akidi. Neno hili linajulikana kwa kila aliyewahi kuhudhuria kikao: idadi ya wajumbe inayotakiwa ili maamuzi yawe halali. Kila nodi ina kura moja, na kundi linaruhusiwa kufanya kazi pale tu penye zaidi ya nusu ya kura zote. Wafasiri waangalie tofauti moja. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaweka nusu ya wabunge wote kuwa kiwango cha kikao cha Bunge. Katika kundi la seva nusu haitoshi. Nodi nne zikigawanyika mbili kwa mbili, pande zote mbili zina nusu, na kila upande ungeweza kujiona halali. Kwa hiyo lazima iandikwe zaidi ya nusu, si "angalau nusu". Maneno hayo mawili yakibadilishana nafasi, kinga yote imeondoka.

Kutokana na kanuni hiyo, nodi mbili peke yake zina tatizo. Kura ni mbili, na zaidi ya nusu ya mbili ni mbili. Nodi moja ikiharibika, iliyobaki ina kura moja, haina akidi, nayo hujizuia: kundi lililoundwa ili kuvumilia hitilafu linasimama kwa hitilafu ya kwanza. Dawa yake ni kuongeza kura ya tatu, ambayo hailazimiki kuwa seva kamili. Inaweza kuwa diski ndogo ya pamoja au kompyuta nyingine inayotunza kura tu. Hiyo huitwa shahidi. Shahidi haendeshi programu wala hatakaimu kamwe. Kazi yake ni kusema ni upande upi bado anauona. Kwa kura tatu, akidi ni mbili, na kundi linavumilia kupotea kwa moja. Kwa kura nne akidi ni tatu, hivyo bado linavumilia kupotea kwa moja tu. Kwa kura tano akidi ni tatu, na linavumilia kupotea kwa mbili. Ndiyo maana miongozo hupendelea idadi witiri.

Shahidi asiwekwe kwenye chumba kimoja na nodi zote mbili, wala asitegemee swichi au umeme uleule. Shahidi anayekufa pamoja na mshtakiwa hana ushahidi wa kutoa.

Kutenga

Kinga ya pili ni kutenga. Kabla ya kukaimu, seva naibu huhakikisha kwamba seva kuu haiwezi tena kuandika: huizima kupitia kifaa cha umeme kinachoendeshwa kwa mtandao, au huifungia njia ya kufikia diski ya pamoja. Katika Linux kuna kifupisho cha utani kwa tendo hili, chenye maana ya kuipiga nodi nyingine risasi kichwani. Mfasiri anaweza kuueleza utani huo mara moja iwapo anaona inafaa, lakini katika maelekezo aandike kuitenga nodi kwa kuizima.

Kosa kubwa hapa ni kutafsiri tendo hili kuwa "kulinda nodi" kwa kuwa neno la asili lina picha ya uzio. Uzio huu hauilindi nodi iliyotengwa; unalinda data dhidi yake. Fundi akisoma katika mwongozo kwamba kipengele cha "ulinzi wa nodi" kinazima mashine bila onyo, atadhani ni hitilafu na atakifunga. Siku waya utakapochomoka, atakuwa na wakuu wawili.

Mfuatano wa kuunda kundi

Maelekezo ya kuunda kundi hutofautiana kati ya Windows Server, Linux na programu kubwa za biashara kama SAP, lakini mantiki na mfuatano ni uleule. Tunautoa hapa ili mfasiri ajue kila istilahi inakaa wapi.

Kwanza, nodi huandaliwa zikiwa na toleo moja la mfumo endeshi na la programu, na saa zake hulinganishwa na chanzo kimoja cha wakati. Pili, huwekwa njia mbili tofauti za mapigo, ili kuchomoka kwa waya mmoja kusionekane kuwa kifo cha nodi. Tatu, huamuliwa data zitakaa wapi: kwenye ghala la pamoja linalofikiwa na nodi zote, au kila nodi iwe na diski yake na data zirudufishwe. Nne, huwekwa shahidi. Tano, huwekwa na kujaribiwa utaratibu wa kutenga. Sita, rasilimali hupangwa kwa mfuatano wa kuanzishwa: diski, hifadhidata, programu, na anwani ya kundi mahali inapostahili kulingana na programu husika. Mfuatano huo hauna hiari. Programu ikianza kabla ya hifadhidata, itaanguka, na kundi litadhani nodi nzima ni mbovu.

Katika hatua ya tatu kuna uamuzi wenye athari kwa mkulima. Urudufishaji wa sawia haumjibu karani "imehifadhiwa" mpaka rekodi iandikwe kwenye nodi zote mbili. Ni salama, ila huchelewesha kila muamala. Urudufishaji wa kufuatia hujibu mara rekodi inapoandikwa kwenye seva kuu, kisha huipeleka kwa naibu baadaye kidogo. Seva kuu ikifa katika "baadaye kidogo" hiyo, karani ameshampa mkulima stakabadhi, lakini seva kaimu haina habari zake. Mfasiri akitumia neno "nakala" kwa aina zote mbili, anamnyima meneja nafasi ya kujua anachagua nini.

Hatua ya mwisho ni jaribio, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi. Kundi ambalo halijawahi kukaimu ni dhana tu. Jaribio hufanywa kwa kuchomoa waya wa mapigo, kuzima umeme wa seva kuu, na kusimamisha programu peke yake, kisha kupima muda hadi karani aweze kuingiza rekodi tena. Katika ukanda wa pamba hilo lifanyike kabla ya Mei, siyo wakati magari yamepanga foleni mizanini.

Imekatika au imekatwa?

Sarufi ya Kiswahili inatoa kifaa ambacho taarifa za hitilafu zinakihitaji sana: tofauti kati ya kauli ya kutendeka, yenye -ik- au -ek-, na kauli ya kutendwa, yenye -w-. Kila Mtanzania anaijua kwa umeme. "Umeme umekatika" ni jambo limetokea. "Umeme umekatwa" kuna aliyeukata, pengine kwa deni. Vivyo hivyo, "seva imezimika" na "seva imezimwa" ni taarifa mbili. Ya kwanza inamtuma fundi akatafute hitilafu. Ya pili inamtuma akamtafute aliyezima, ambaye huenda ni seva naibu yenyewe iliyokuwa ikitenga.

Tarehe 12 Mei 2024 huduma ya intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi jirani baada ya mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, kupata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kuandika kwamba mikongo "ilikatwa" ni kudai kwamba kuna mkataji. Ilikatika ndiyo kauli inayotosha. Tukio hilo lina funzo jingine kwa mada yetu. Mikongo ilikuwa miwili, kila mmoja ukitakiwa kumkinga mwenzake, lakini ilipata hitilafu kwa wakati mmoja. Seva mbili zilizo kwenye kabati moja, zenye swichi moja na soketi moja ya umeme, ni mbili kwa hesabu ya karatasi tu.

Tofauti ya hiari na ajali inahitajika pia kwa upande wa kupokea kazi. Fundi anapohamisha kazi kwa makusudi ili afanye matengenezo, seva kuu hufunga shughuli zake kwa utaratibu: hapo tunasema seva kuu imekabidhi, na tendo ni makabidhiano. Seva kuu ikifa ghafla hakuna makabidhiano, naibu hukaimu. Kurudisha kazi kwa seva kuu iliyotengenezwa ni kurudisha zamu, na inashauriwa kifanywe na binadamu kwa muda aliouchagua. Seva kuu yenye hitilafu isiyokwisha inaweza kuwaka na kuzimika mara tano kwa saa, na zamu ikirudi yenyewe kila mara, karani wa Kalemela atasitishwa mara kumi.

Saa za kumbukumbu

Jambo dogo lenye madhara makubwa ni saa. Karani atasema programu ilisita "saa nane na robo usiku". Kumbukumbu za seva zitaandika 02:15. Iwapo seva imewekwa kwenye saa ya kimataifa, itaandika 23:15 ya tarehe iliyotangulia, kwa kuwa Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Matukio matatu yanayoonekana tofauti ni tukio moja. Mfasiri wa taarifa za hitilafu aiache tarakimu ya kumbukumbu kama ilivyo, aongeze neno usiku, asubuhi, mchana au jioni kwa saa ya Kiswahili, na ataje saa ya eneo gani imetumika. Asigeuze 02:15 kuwa "saa 2:15" bila neno la kipindi.

Vidahizo

akidi nm [i-/zi-] idadi ya kura, zaidi ya nusu ya zote, inayoliruhusu kundi la seva kufanya kazi: Kundi limesimama kwa kukosa akidi.

kaimu (seva kaimu) nm [i-/zi-] seva naibu iliyokwisha kupokea kazi ya seva kuu. Kitenzi: kaimu, nomino ya tendo: ukaimu. Ukaimu ulichukua sekunde 40.

kabidhi kt (kuhusu seva) kuhamisha kazi kwa hiari na kwa utaratibu: Seva kuu itakabidhi saa 5 usiku ili itengenezwe.

kundi la seva nm [li-/ya-] seva mbili au zaidi zinazoonekana kwa mtumiaji kama moja na kupokezana kazi. Klasta hukubalika katika mazungumzo ya wataalamu.

mapigo nm [ya-] ujumbe mfupi wa mara kwa mara unaothibitisha kwamba nodi iko hai: Mapigo ya nodi ya pili yamekosekana.

naibu (seva naibu) nm [i-/zi-] seva iliyo tayari kukaimu lakini haijakaimu.

shahidi nm [a-/wa-] kifaa chenye kura kisichoendesha programu. Katika ngeli hii tumebakiza upatanisho wa a-/wa- kwa kuwa neno husimama peke yake: Shahidi anaiona nodi ya kwanza tu.

tenga kt kuinyima nodi uwezo wa kuandika data, kwa kawaida kwa kuizima, kabla ya nyingine kukaimu. Isitafsiriwe linda.

wakuu wawili nm hali ya nodi mbili kuendesha kazi moja kila moja ikijiona seva kuu.

Walimu wanaofundisha tafsiri ya kiufundi wanaweza kuwapa wanafunzi sentensi hii waijadili: "Seva ya pili ilikaimu, lakini kwa kuwa seva ya kwanza haikutengwa, kulikuwa na wakuu wawili kwa dakika tatu." Mwanafunzi aliyeelewa ataweza kueleza kwa nini dakika hizo tatu ni hatari kuliko saa tatu za huduma kukosekana kabisa. Huduma ikikosekana, karani wa Kalemela huandika uzito kwenye daftari na kuuingiza baadaye. Wakuu wawili wakiandika, daftari la mfumo lenyewe ndilo linalokuwa na mashaka, na kilo za mkulima hazina pengine pa kuhakikiwa.